Daktari Chini, Mgonjwa Juu ya Ukuta

Sauti ya kwanza katika wimbo huu ni ya mtu anayepiga hodi kwenye mwili wa mwenzake. Hana haraka na hana ukali. Anauliza kama mwenyeji yumo, anataka aonyeshwe panapouma, anaahidi nafuu. Ni daktari. Anayeulizwa ni Pink, mwimbaji maarufu aliyejiinamia katika chumba cha hoteli. Usiku huo anatakiwa jukwaani na hana hata nguvu ya kuinua kichwa. Wimbo ni “Comfortably Numb” wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, na umo katika albamu ya The Wall iliyotoka Novemba 30, 1979. Jina lake linamtaja mtu aliyekufa ganzi na akastarehe humo humo ndani ya ganzi. Kiswahili kinatufaa hapa, maana ganzi kwetu ni ile ya sindano ya daktari wa meno, na pia ni ile inayomshika mfiwa akashindwa hata kulia.

Nimeusikiliza wimbo huu kwa miaka mingi, katika santuri yake ya kwanza na katika maonyesho yaliyorekodiwa tangu 1980. Wengi huupenda kwa sababu ya gitaa la mwisho, na ni haki yao. Mimi kinachonirudisha ni umbo lake. Wimbo uliundwa kwa sauti mbili zisizosikiana, kisha wenye sauti hizo wakaja kugombana kwelikweli wakaachana, na wimbo ukalazimika kuishi jukwaani miaka arobaini huku ukitafutiwa watu wa kujaza nafasi zilizobaki wazi. Kila onyesho likawa uhakiki wa wimbo, uliofanywa na wenye wimbo wenyewe.

Tuanze na majibizano hayo. Beti ni za daktari, na katika rekodi anayeimba ni Roger Waters, mpiga besi, aliyetunga maneno. Kiitikio ni cha mgonjwa, na anayeimba ni David Gilmour, mpiga gitaa, aliyetoa muziki. Beti ziko katika B maina, na kodi zake zinashuka: B, A, G, kisha E, halafu zinarudi B kuanza kushuka upya, kama mtu anayeteremka ngazi zilezile usiku kucha. Mwendo ni wa polepole, mapigo sitini na ushee kwa dakika. Daktari anaimba vifungu vifupifupi, karibu na kusema, na baada ya kila kifungu anaacha pengo. Mapengo hayo ndiyo sehemu ya kutisha ya ubeti. Ni nafasi za majibu, na jibu haliji.

Linapokuja, haliji kama jibu. Muziki unahama kutoka B maina kwenda D meja, ala za nyuzi zinatandazwa chini kama shuka, na mgonjwa anaanza kuimba noti ndefu ambazo daktari hajawahi kuzigusa. Hazungumzi na daktari. Anamwona anasogeza midomo lakini hasikii neno. Yeye yuko mbali, katika homa ya utotoni, mikono akiihisi imevimba kuliko mwili. Aliyewahi kumezeshwa kwinini akiwa mtoto, masikio yakavuma na kuta za chumba zikasogea, anaijua nchi hiyo bila kutafsiriwa. Na tuzingatie hila ya mtunzi: meja, ambayo masikio yetu yamezoea kuiita furaha, amepewa anayeumwa, maina amepewa mtu mwenye dawa. Uzuri wote wa wimbo uko upande wa ganzi. Ndiyo maana dawa inaogopesha, kwa kuwa daktari amekuja kumtoa mtu huyu mahali pekee ambapo hapaumi.

Baada ya kiitikio cha kwanza gitaa linapiga solo fupi juu ya kodi za kiitikio. Solo hii ni ya mgonjwa kabisa. Ni pana, ina mwanga, inatembea katika D meja kama mtu aliyepata nafasi ya kunyoosha miguu. Halafu ubeti wa pili, na sindano. Hapo kuna jambo ambalo kwangu ndilo kitovu cha wimbo mzima, na linapita kwa sekunde chache tu: sindano inapochoma, ndani ya ubeti wa daktari, juu ya kodi za daktari, unasikika ukelele. Hauna neno. Ni mahali pamoja tu ambapo sauti ya mgonjwa imeingia katika nyumba ya daktari. Daktari hashtuki, anaendelea na kazi yake, anaridhika kwamba dawa inashika, anamhimiza mtu wake ainuke, onyesho linasubiri.

Kiitikio cha pili kinasimulia kitu ambacho mgonjwa alikiona mara moja utotoni, kikapotea kabla hajakijua ni nini. Kisha anataja ganzi yake kwa mara ya mwisho na hatumsikii tena akiimba. Linaingia gitaa. Na safari hii gitaa limesimama juu ya kodi za ubeti, zile B, A, G, E zinazoteremka. Solo ya pili imepigwa katika nyumba ya daktari. Huwa nasikia watu wakiieleza kama ukombozi, mtu aliyefungwa akivunja minyororo. Umbo la wimbo linasema jambo chungu zaidi. Dawa imefanya kazi. Mtu ameinuliwa, amepelekwa jukwaani, anafanya alichotakiwa kufanya, na anakifanya kwa ustadi wa kutisha. Lakini ule ukelele wa sekunde chache ndio uliorefushwa sasa ukawa dakika mbili, katika ufunguo uleule ulioanzia. Kodi zinashuka, gitaa linapanda. Linapanda na kila mara linavutwa tena chini. Utii na kilio vimo katika kidole kimoja.

Masikio yaliyolelewa na muziki wa dansi yanajua umbo la kuimba kwanza, kisha magitaa kuachiwa uwanja. Kwetu hapo ndipo watu wanainuka kucheza. Hapa uwanja ni uleule, na hakuna anayeinuka.

Asili ya wimbo ina sehemu mbili zilizokutana kwa shida. Muziki ulikuwa kipande alichokirekodi Gilmour mwaka 1978, wakati wa kutengeneza albamu yake mwenyewe huko Ufaransa, akakiweka kando. Maneno yalitokana na jambo lililompata Waters mwaka 1977 mjini Philadelphia: aliumwa tumbo vibaya kabla ya onyesho, daktari akamdunga sindano ya kulegeza misuli, akapanda jukwaani na kupiga besi kwa mikono asiyoihisi vizuri. Wakati wa kurekodi, hao wawili walibishana kuhusu mpangilio. Mtayarishaji Bob Ezrin na Waters walitaka okestra iliyopangwa na Michael Kamen. Gilmour alitaka kitu kikavu na kigumu zaidi. Kilichotoka ni maafikiano, na ukisikiliza kwa makini utausikia mshono: beti na viitikio vimefunikwa kwa nyuzi laini, solo ya mwisho ina mfupa.

Solo hiyo nayo ina mishono yake. Gilmour ameeleza kwamba alipiga solo tano au sita mfululizo, akazisikiliza, akachora chati na kutia alama kwenye vipande vilivyompendeza, kisha akapandisha na kushusha sauti za rekodi hizo mashineni, kipande baada ya kipande, mpaka vikaungana kuwa mkondo mmoja. Kwa hiyo kilio tunachokiona kimetoka kwa pumzi moja kilishonwa kama shuka la viraka. Hilo halinipunguzii chochote. Washairi nao hufanya hivyo. Ila linaleta swali ambalo ndilo limezaa historia yote ya wimbo jukwaani: mtu huyo akisimama mbele ya watu, atapigaje kwa mkono mmoja kile kilichokuwa cha mikono sita? Na rekodi inaacha swali la pili, gumu kuliko hilo. Solo haina mwisho. Inafifishwa taratibu mpaka inazimika, huku gitaa likiendelea kupanda gizani. Studio inaruhusu hilo. Jukwaa haliruhusu, lazima mtu aamue kilio kinakoma wapi.

Jibu la kwanza lilitolewa katika maonyesho ya The Wall ya 1980 na 1981, yaliyokuwa 31 tu, katika miji minne: Los Angeles, New York, London na Dortmund. Katika nusu ya kwanza ya onyesho mafundi walijenga ukuta wa matofali ya boksi mbele ya bendi, wenye kimo cha kama mita 12, mpaka wanamuziki wakafichika kabisa. Wimbo wetu ulifika ukuta ukiwa umekamilika. Waters alikuwa chini, mbele ya ukuta, akiimba beti za daktari. Kiitikio kilipofika, taa ziliwaka juu kabisa, na watu wakamwona Gilmour amesimama kileleni. Alikuwa juu ya sanduku la vifaa lenye magurudumu, lililowekwa juu ya jukwaa la kuinuliwa kwa mashine, na nyuma yake gizani kulikuwa na fundi aliyelishikilia lisiteleze.

Sijui tafsiri nyingine ya jukwaani iliyosoma umbo la wimbo kwa usahihi kama hiyo. Majibizano ya watu wasiosikiana yamegeuzwa kimo. Daktari yuko ardhini na anasema na ukuta. Mgonjwa yuko juu ya ukuta na anasema na anga. Ili mmoja amwone mwenzake ingembidi avunje shingo. Rekodi ya maonyesho hayo, iliyotolewa mwaka 2000, inaonyesha pia jinsi Gilmour alivyolikabili swali la viraka: anaianza solo ya pili kwa kifungu kilekile cha santuri, kile cha chini, kizito, kinachojikokota, kana kwamba anasaini jina, halafu anaachana na santuri na kwenda anakotaka. Amebaki na desturi hiyo mpaka leo. Mwanzo ni wa watu wote, kinachofuata ni cha usiku ule. Mwisho bado ni mfupi, kwa sababu hadithi inaendelea na wimbo unaofuata unasubiri nyuma ya pazia.

Waters aliondoka Pink Floyd mwaka 1985. Magomvi ya jina la bendi yalifika kwa mawakili. Wimbo ukakatwa katikati, kila mmoja akaondoka na nusu yake, na kila mmoja akaendelea kuupiga mzima.

Tazama kilichotokea basi. Upande wa Gilmour mgonjwa alibaki yuleyule na madaktari wakawa wanapokezana zamu. Upande wa Waters daktari alibaki yuleyule na kitandani wakawa wanalazwa wagonjwa tofauti. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kupanga hivyo, na bado hakuna kinachofanana zaidi na wimbo wenyewe.

Katika ziara za 1987 hadi 1989 na ile ya 1994, beti za daktari ziliimbwa na watu watatu kwa pamoja: Richard Wright wa kinanda, mpiga besi Guy Pratt na Jon Carin. Kwa msikilizaji wa kawaida ni suluhisho la kiufundi. Kwangu ni badiliko kubwa la nafsineni. Daktari mmoja ana uso; madaktari watatu wanaoimba kwa upatanifu ni taasisi, ni wodi, ni sauti ya kipaza sauti kwenye korido. Kunapatikana baridi ya aina mpya, lakini kunapotea ule ukaribu wa mtu mmoja kumwinamia mwingine. Mapengo baada ya vifungu nayo yanapungua makali, kwa kuwa watatu hawawezi kusubiri jibu kama anavyosubiri mmoja.

Kilichokua badala yake ni gitaa. Katika onyesho la Earls Court, London, lililopigwa picha Oktoba 20, 1994 na kutolewa kwa jina la Pulse, wimbo una karibu dakika tisa na nusu, wakati santuri ina sita na ushee. Nyongeza yote imekwenda kwenye solo ya pili. Gilmour anapiga Stratocaster nyekundu, yenye mlio laini na mnene kuliko ile nyeusi ya rekodi, na anaijenga solo kwa ngazi: kifungu cha kusaini, kisha vifungu vifupi vinavyoulizana, kisha uzi mmoja unavutwa mpaka noti inapinda na kulia, kisha anarudia pale pale, juu zaidi. Katikati ya ukumbi tufe kubwa la vioo linapanda na kufunguka petali kama ua, na miale yake inafika kila kiti. Swali la mwisho limejibiwa kwa kishindo: ngoma zinaporomoka, bendi nzima inashusha kodi moja nzito, taa, makofi.

Naipenda rekodi hiyo na nimeirudia mara nyingi kuliko zote. Hata hivyo nasema wazi kwamba hapo wimbo ulibadilika maana. Ukelele uliogeuka kuwa ushindi umeacha kuwa ukelele. Mgonjwa wa Pulse amepona, tena amepona mbele ya maelfu, na tufe la vioo linamshangilia. Ni muziki mkubwa ulioisahau sindano.

Upande wa pili, Julai 21, 1990, Waters aliusimamisha ukuta wake tena Berlin, pale Potsdamer Platz, miezi minane baada ya ukuta halisi kufunguliwa. Mgonjwa wa usiku ule alikuwa Van Morrison, akisaidiwa na Rick Danko na Levon Helm wa The Band, na solo waligawana Rick Di Fonzo na Snowy White. Morrison anaimba kiitikio kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, yenye vumbi la muziki wa soul. Noti ndefu za Gilmour anazikatakata, anazitafuna. Wapo wanaoona aliuharibu wimbo. Mimi naona alifichua kitu: kwamba kiitikio kikipoteza ulaini wake, ganzi inakosa raha, na mgonjwa anakuwa mtu anayejua kabisa kwamba anaumia. Wimbo unapata huzuni ya waziwazi na kupoteza ile ya kujificha. Sitaki uimbwe hivyo siku zote. Nafurahi uliimbwa hivyo mara moja.

Tafsiri ninayoiona ya kina zaidi kutoka miaka ya utengano ilitokea katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, Juni 2001, wakati Gilmour alipopiga na kundi dogo lenye magitaa yasiyo ya umeme mengi kuliko ya umeme. Robert Wyatt aliimba beti za daktari. Wyatt alianguka dirishani mwaka 1973, akapooza kuanzia kiunoni, akakaa hospitali kwa miezi. Mwaka huohuo Pink Floyd walipiga onyesho la kumchangia. Sasa mtu huyo, kwenye kiti chake cha magurudumu, kwa sauti yake nyembamba inayotetemeka kama ya mtoto mwenye mvi, anamwuliza mwingine panauma wapi. Nafsineni imegeuka juu chini. Daktari ndiye aliyelala wodini. Maswali yaliyokuwa ya baridi yanasikika kama ya mtu anayeijua njia kwa kuipita. Hakuna neno lililobadilishwa, na kila neno limebadilika. Mwezi Januari 2002, katika ukumbi uleule, zamu ikawa ya Kate Bush, ambaye Gilmour alimsaidia kurekodi alipokuwa bado msichana wa shule. Na usiku mwingine Bob Geldof, aliyemwigiza Pink mwenyewe katika filamu ya 1982. Mgonjwa wa filamu amekuwa daktari wa jukwaani.

Mei 29, 2006, ukumbi wa Royal Albert Hall, alitoka David Bowie. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo miaka miwili kabla, na hii ikawa moja ya mara zake za mwisho kuimba hadharani. Bowie ndiye aliyeelewa mapengo. Anatoa kifungu kwa sauti ya chini, iliyonyooka, kisha ananyamaza na kusikiliza, kama kweli anangoja jibu, na unamwona akikubali kwamba halitakuja. Anaimba kidogo kuliko madaktari wote waliotangulia. Gilmour anapoingia na kiitikio, tofauti ya sauti zao ni kubwa kiasi kwamba umbo la kale linarudi mahali pake: nyumba mbili, mlango hakuna.

Kabla ya hapo, Julai 2, 2005, kulikuwa na lile la Hyde Park, katika tamasha la Live 8. Waters, Gilmour, Wright na Mason, mpiga ngoma wa bendi, walisimama jukwaa moja kwa mara ya kwanza tangu Juni 1981. Walipiga nyimbo chache, na huu ukawa wa mwisho. Nitasema kidogo tu, kwa sababu yamesemwa mengi. Daktari na mgonjwa walikuwa sakafu moja, hatua chache kati yao, hakuna ukuta. Gilmour alikuwa na Stratocaster nyeusi ya santuri. Solo ilikuwa fupi, haikutafuta kumshangaza mtu. Nilichokiona ni kwamba Waters, akiwa hana mstari wa kuimba wakati wa kiitikio, alikuwa akiyatamka maneno ya mgonjwa kwa midomo bila sauti. Daktari alikuwa anayajua majibu siku zote. Wright alifariki Septemba 2008, na wanne hao hawakupiga pamoja tena.

Kisha ikaja Mei 12, 2011. Waters alikuwa akizunguka dunia na The Wall mpya, ziara iliyofikia maonyesho 219 kati ya 2010 na 2013, na mgonjwa wake wa kila usiku alikuwa Robbie Wyckoff kwa kuimba na Dave Kilminster kwa gitaa. Mwaka uliotangulia Gilmour alikuwa amempa sharti: Waters akubali kuimba wimbo mmoja wa zamani wa mapenzi katika hafla ndogo ya kuwachangia watoto wa Kipalestina, naye atatokea usiku mmoja katika ziara ile. Waters alikubali. Usiku huo, katika ukumbi wa O2 London, taa za kileleni zilipowaka, aliyekuwa juu ya ukuta alikuwa Gilmour mwenyewe, mwenye miaka 65, mahali alipokuwa na miaka 34. Chini, Waters anatazama juu. Solo ya pili inapoanza anaukimbilia ukuta na kuupiga kwa ngumi, na picha zilizomulikwa juu yake zinalipuka rangi. Kitendo hicho alikifanya kila usiku wa ziara, chini ya mgonjwa yeyote aliyekuwa juu. Usiku ule kilikuwa na anwani.

Nilidhani historia ingeishia hapo. Haikuishia. Julai 2022 Waters alianza ziara nyingine, na akalifungua onyesho kwa wimbo huu, yeye ambaye siku zote aliuweka karibu na mwisho. Aliushusha kutoka B maina hadi A maina. Mwendo mzito zaidi, kwaya ya sauti za chini, picha za mji uliobomoka ambamo watu wanatembea kama vivuli. Na solo hakuna. Zote mbili zimeondolewa. Rekodi yake ilipotoka baadaye mwaka huo, wapenzi wengi wa gitaa waliona ni kisasi cha ugomvi wa zamani, kumfuta mtu kwa kufuta kidole chake. Nami nilipoisikia mara ya kwanza nilikasirika. Nilikuwa nangoja lile pengo lijazwe, na dakika zinapita, na kodi za daktari zinashuka ngazi zake tupu.

Niliirudia kwa sababu ya dakika zake za mwisho. Juu ya kodi za ubeti, mahali palepale ambapo gitaa lilikaa tangu 1979, inapanda sauti ya mwanamke, Shanay Johnson. Haimbi maneno. Ni sauti tupu inayopanda, inavutwa, inapanda tena. Ukelele wa sindano umetolewa kwenye nyuzi na kurudishwa kooni, ulikotoka. Kama ni kisasi, kimefanywa na mtu aliyeusoma wimbo wake kuliko sisi tuliokasirika.

Gilmour naye, katika ziara yake ya 2024, aliufanya wimbo wa kufunga. Roma, kwenye uwanja wa Circus Maximus, Guy Pratt ameshika zamu ya daktari. Mgonjwa ana miaka 78 na sauti yake imeanza kukwaruza kwenye noti za juu za kiitikio. Solo inaanza na kifungu kilekile cha kusaini. Anakipiga polepole kuliko zamani, na baada yake anaacha pengo, refu kidogo, kama la Bowie, kabla ya kuendelea kupanda.